Ni sisi tuliowafunza vijana kuchukia vitabu

Siku ambayo watahiniwa wa kidato cha nne walimaliza karatasi yao ya mwisho ya KCSE, Novemba 2024, nilikuwa nimesimama kwenye kituo kimoja cha matatu nikingojea gari la kunirudisha nyumbani Matiliku. Mara likaja kundi la vijana waliovaa sare, wakiimba na kupiga mbinja. Walipofika penye mti walifungua mikoba yao, wakatoa madaftari na vitabu, wakaanza kuvirarua kurasa baada ya kurasa na kuzirusha hewani kama watu wanaorusha mchele arusini.

Wapita njia walicheka. Utingo mmoja aliwapongeza kwa kuwa wamekuwa watu wazima.

Aliyeshughulika ni mama mmoja muuza njugu. Alitoka kibandani mwake akaanza kuziokota kurasa zile, akizinyoosha kwa kiganja na kuzipanga vizuri kapuni, maana karatasi za kufungia njugu hazipatikani bure. Nami niliokota moja. Ilikuwa imetoka katika Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi iliyokuwa mojawapo ya vitabu teule vya fasihi. Ilikuwa imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni palikuwa pameandikwa kwa mwandiko nadhifu: tashbihi, kinaya, swali la insha. Mwenye ukurasa huo alikuwa ameusoma mara nyingi sana. Sikuona popote alipocheka au kushangaa.

Ni desturi yetu watu wa makamo kuona jambo kama hili na kulaumu kizazi kipya. Husemwa kwamba vijana wa leo ni wavivu, wamelogwa na simu, hawana subira. Nilipanda gari nikiwa na maneno hayo mdomoni. Lakini gari halijafika mbali, nilianza kujiuliza swali ambalo limenikosesha raha tangu siku hiyo: hawa vijana walijifunzia wapi kwamba kitabu ni mzigo wa kutuliwa mlangoni pa shule?

Hawakuzaliwa wakijua hivyo. Hakuna mtoto anayezaliwa akikichukia kitabu. Mpe mtoto wa miaka mitano kitabu chenye picha ya fisi, utamwona akikikumbatia hata usingizini.

Mimi nililelewa chini ya kilima cha Nzaui, nikaingia darasa la kwanza mwaka wa 1968. Nyumbani kwetu kulikuwa na vitabu viwili tu, Biblia ya Kikamba na kitabu cha nyimbo za kanisani. Cha tatu kilikuja mwisho wa mwezi kikiwa kimefungia nyama. Mwuza nyama wa sokoni alikuwa akinunua magazeti makuukuu kwa uzani, nasi tulipopelekewa ratili yetu ilikuwa imeviringishwa katika Baraza au Taifa Leo. Mama alipoitia nyama chunguni, karatasi ilikuwa yangu. Niliianika juani hadi damu ikauka, kisha nikasoma kila kilichosomeka: habari za bunge, bei ya pamba, matangazo ya sabuni, barua za wasomaji wa Tabora na Kisumu waliokuwa wakitafuta marafiki wa kalamu.

Siku moja nilipata habari ya kesi ya wizi, iliyoandikwa kwa ufundi mkubwa. Shahidi wa tatu alikuwa akieleza jinsi alivyomwona mshtakiwa usiku, na mwangaza wa mbalamwezi ulivyokuwa, halafu kisu cha mwuza nyama kikakatia hapo. Nilirudi sokoni kuuliza kama sehemu iliyobaki ipo. Alinitazama kama mtu aliyeshikwa na wazimu. Mpaka leo sijui kama yule mtu alifungwa au aliachiliwa.

Wasomaji wa leo huenda wakafikiri natania. Lakini tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, gazeti limerudi buchani katika sehemu nyingi, nami nimewahi kumwona mtoto mmoja akisoma huku damu ikimchuruzika kwenye vidole. Nilitamani kumwita ndugu yangu.

Kulikuwa na shule nyingine iliyonifunza kusoma, nayo ilikuwa barua. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wakifanya kazi Nairobi na Mombasa, na wake zao wengi hawakujua kusoma. Barua ziliwasili kwa mwalimu mkuu, naye alizitaja kwa majina mbele ya gwaride. Jioni, mtoto aliyejua kusoma aliitwa nyumba hadi nyumba. Nilikuwa na miaka kumi nilipoanza kazi hiyo. Niliketishwa kigodani, nikapewa chai yenye maziwa, nikafungua bahasha mbele ya mama aliyeshika kidevu.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa maandishi. Nilijifunza kwamba sentensi moja inaweza kumfanya mtu mzima alie. Nilijifunza kusoma polepole penye habari za pesa, na kurudia penye salamu. Nyanya mmoja, ambaye sote tulimwita susu, alikuwa akinisomesha barua ile ile ya mwanawe mara tatu, kisha mwezi mzima baadaye akaniita niisome tena kwa sababu hakuna nyingine iliyokuja. Nilikuwa nimeshaihifadhi kwa moyo. Hata hivyo alinikataza kuisema bila kuitazama. Alitaka aone macho yangu yakitembea juu ya karatasi. Nimesomea ualimu, nimehudhuria semina nyingi kuhusu ufundishaji wa kusoma, lakini sijapata kusikia somo lililozidi hilo.

Ni vyema tukumbuke jinsi kusoma kulivyoingia Ukambani, maana asili ya jambo hueleza mengi. Ludwig Krapf alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka wa 1850. Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza hapa hapa Nzaui, naye Scott akafariki mwaka uliofuata. Waliofuata dini hiyo waliitwa asomi, yaani wasomaji, kama vile Buganda walivyoitwa basomi na Wakikuyu wakasema athomi. Tazama basi: kwa babu zetu, msomaji hakuwa mtu apendaye vitabu. Alikuwa mtu aliyevuka upande wa pili, aliyekata shauri la kuokoka. Kitabu kilikuwa kimoja, na sababu ya kukisoma ilikuwa moja.

Baadaye sababu hiyo ilibadilika, ikawa kazi ya afisi. Baada ya Uhuru ikawa cheti. Kila wakati kusoma kumekuwa daraja la kumfikisha mtu ng'ambo, na ni nani avukaye daraja akarudi kulikalia? Vijana niliowaona kituoni walikuwa wamefika ng'ambo. Walifanya alivyotarajiwa kufanya kila mtu aliyeambiwa kwa miaka kumi na miwili kwamba kitabu ni cha mtihani.

Lakini si kweli kwamba watu wetu hawapendi kusoma. Mwaka wa 1965 Taban lo Liyong aliilaumu Afrika Mashariki kuwa ni tasa kwa upande wa fasihi, na lawama hiyo imerudiwa sana hadi ikawa kama methali. Wanaoirudia husahau kilichotokea miaka michache baadaye, na aliyekileta ni mtu wa milima yetu hii.

David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka wa 1939. Sehemu kubwa ya elimu yake alijitafutia mwenyewe. Mwaka wa 1972 alianzisha Comb Books mjini Nairobi, akaanza kutoa vitabu vyembamba, vya bei nafuu, vinavyoingia katika mfuko wa koti: Unfit for Human Consumption mwaka wa 1973, After 4:30 mwaka uliofuata. Viliuzwa hadi vikaisha, vikachapishwa tena. Makarani, makuli, wauguzi, makondakta, wote walikuwa navyo. Wahadhiri walivikejeli, Tanzania ikavipiga marufuku mwaka wa 1976, na walimu wetu wakawa wakivinyang'anya mabwenini kisha wenyewe wakavisoma katika afisi ya walimu, mlango ukiwa umefungwa.

Siwatetei wahusika wa Maillu wala mienendo yao. Mengi ya yale singependa binti yangu ayasome akiwa kidato cha kwanza. Ninalosema ni kwamba Jonathan Kinama, yule mtumishi wa serikali anayemaliza mshahara wake kwa ulevi na wanawake huku mkewe akiteseka mashambani, alikuwa mtu tunayemjua. Barua zake ndizo nilizokuwa nikizisoma kigodani. Watu walipokutana na maisha yao kitabuni, kwa bei wanayoimudu, mahali wanapopita kila siku, walinunua na kusoma bila kulazimishwa na mtu yeyote.

Bei wanayoimudu, mahali wanapopita. Hapo ndipo penye kiini cha habari, na hapo ndipo sera zetu zinapokwenda kinyume.

Itakumbukwa kuwa Katiba iliyozinduliwa Agosti 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la maktaba. Wachache wameona mahali lilipowekwa. Jedwali la Nne linaorodhesha burudani na huduma za umma kwa mfuatano huu: kamari kwanza, kisha mashindano ya mbio, leseni za vileo, sinema, maonyesho na ukodishaji wa video, ndipo maktaba, ya sita. Sidhani kama walioandika walikusudia kejeli. Hata hivyo, tembea katika vituo vingi vya biashara mashambani uhesabu ni mambo mangapi ya orodha hiyo yametekelezwa. Kamari ipo, imo hata mfukoni mwa mwanafunzi. Vileo vipo tele. Video zipo. Hesabu husimamia hapo.

Mwaka wa 2013 sheria mpya ya ushuru ilitoza vitabu VAT ya asilimia 16. Wachapishaji walilalamika wee, wakachoka. Kitabu cha hadithi kikawekwa katika mizani moja na bidhaa nyingine za dukani, na mzazi mwenye shilingi za kitabu kimoja tu hatanunua cha hadithi. Atanunua cha mazoezi ya mitihani.

Kisha kukaja mpango wa Januari 2018, ambapo serikali ilianza kuwapelekea wanafunzi wa shule za umma vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Shabaha ilikuwa kila mtoto awe na kitabu chake. Ni jambo jema, nami kama mtu aliyewahi kufundisha watoto saba wanaochungulia kitabu kimoja sitalipinga. Lakini lilikuwa na mkia. Kabla ya hapo shule zilinunua vitabu katika maduka ya miji ya karibu. Mwenye duka aliishi kwa biashara ya shule, na kwa kuwa aliishi, aliweza kuweka rafu moja ya riwaya hata kama zilikaa miezi bila kuguswa. Biashara ya shule ilipoondoka, maduka mengi yaligeuka kuwa ya kalamu na fotokopi. Rafu ile iliondoka kimya kimya. Hakuna aliyeamua iondoke, na kwa sababu hiyo hakuna wa kumuuliza.

Hali kadhalika upande wa watoto wachanga. Mradi wa Tusome, uliosambazwa nchini kuanzia 2015 kwa fedha za Marekani, uliwapa watoto wa madarasa ya kwanza vitabu vya Kiswahili na Kiingereza na kuwafunza kutamka na kuelewa. Kazi hiyo ilihitajika. Hata hivyo tumefanana na mkulima anayemfundisha mwanawe kushika jembe kwa ustadi mkubwa, kisha hana shamba la kumwonyesha.

Watu wa kwetu wana sifa ya kukaa vikaoni na kuamua mambo yao. Tangu ugatuzi uanze, Makueni imesifiwa kwa kuwashirikisha wananchi katika kupanga bajeti. Kiwanda cha kusindika maembe kilichofunguliwa Kalamba mwaka wa 2017 ni ushahidi kwamba kaunti inaweza kuona matunda yakiozea shambani na ikatenda jambo. Nimehudhuria vikao kadhaa vya namna hiyo. Watu huomba maji, barabara, zahanati, mabwawa ya mchanga. Ni haki yao, kwani katika nchi hii ya ukame hakuna atakayemwambia mama aliyetembea na punda saa tatu kutafuta maji kwamba maktaba ni muhimu zaidi. Lakini katika vikao vyote nilivyokaa sijamsikia mtu hata mmoja akiinua mkono kuomba vitabu. Na walimu tulikuwepo. Tulikuwa tumeketi nyuma, tukizungumzia uhamisho na mishahara.

Sisemi lijengwe jumba la ghorofa. Shirika la maktaba za kitaifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, lilianza mwaka wa 1996 kuwapelekea wafugaji wa kaskazini mashariki vitabu kwa ngamia. Ngamia alibeba masanduku, watoto wakakaa chini ya mgunga wakasoma. Kwetu kuna bodaboda kila kona. Sanduku moja la vitabu hamsini likikaa mwezi mmoja katika chuo cha ufundi cha wadi, kisha likahamia wadi ya pili, gharama yake haifikii ile ya hema na chakula vya kikao kimoja cha viongozi. Liwe na Wamitila, ambaye Kyallo lililo mwanzo wa jina lake latosha kumwonyesha mtoto wa hapa kwamba Mkamba naye huandika riwaya za Kiswahili. Liwe na ngano za Kikamba alizozikusanya John Mbiti wa Mulango, Kitui. Liwe na Maillu pia, kwa watu wazima.

Watasema vijana husoma kwenye simu. Ni kweli, husoma, na huandika kuliko tulivyoandika sisi. Ila ujumbe wa simu ni kama ile karatasi yangu ya nyama: una mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa machache. Mimi sikuridhika na vipande. Nilivisoma kwa sababu sikuwa na kizima.

Sasa nifike penye kidonda changu mwenyewe, maana si haki kuilaumu serikali na kujisahau.

Katika ratiba za shule kuna kipindi cha maktaba. Mwalimu yeyote anajua hatima yake: huombwa na mwalimu wa hisabati katika muhula wa pili, na katika muhula wa tatu haombi tena, anaingia tu. Sasa KCPE imefanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mfumo wa 8-4-4 unaaga, na tunaambiwa kuwa mtaala mpya hautautukuza mtihani. Huenda. Lakini mtaala husomwa na walimu wale wale, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwaka wa 1991, katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja, nilikuwa nikizunguka madarasani wakati wa masomo ya jioni. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amekiegemeza kitabu kidogo ndani ya kitabu cha hisabati. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, ile riwaya ya Mohamed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka wa 1960, yenye mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake. Kijana hakunisikia nikija. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeko mbali sana, mahali ambapo mimi mwenyewe nilipajua vizuri. Nilikinyakua. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba Bwana Msa hatamfanyia mtihani. Darasa likacheka. Alikuwa amekiazima kwa mjomba wake, akaja mara mbili kukiomba, nikamwambia atakipata akifunga shule. Shule ikafungwa, mimi nikahamishwa, na kitabu kikaenda nami sandukuni.

Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyefanya hivyo. Mtoto wa karatasi za nyama.

Mwaka huo wa 2024, wiki chache baada ya kuwaona wale vijana kituoni, nilikutana naye Emali. Yeye ndiye aliyenitambua. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, ana duka la vipuri na watoto wanne. Tulinywa chai. Alinieleza habari za biashara, za mvua, za mwanawe wa kwanza. Nilipomuuliza siku hizi anasoma nini, alicheka akasema yeye si mtu wa vitabu. Tangu aache shule hajafungua kingine. Tulipokuwa tukiagana alinishika mkono akauliza, kama mtu anayeona haya kidogo, "Mwalimu, hivi aliyemuua yule Ali Bomani alikuwa nani?"

Nilishindwa kumjibu. Nilimwambia asubiri.

Nyumbani nilifungua sanduku. Kitabu kilikuwepo, kimeliwa na mende pembeni, na kipande cha karatasi alichokitia kama alama kilikuwa bado mahali pake, karibu na katikati. Nilikiviringisha katika gazeti, nikaandika jina lake, nikampa dereva wa matatu ya Emali.

Baada ya siku nne alinitumia ujumbe. Ameanza upya, toka ukurasa wa kwanza, kwa kuwa alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa kiko cha Bwana Msa. Husoma akisha kufunga duka. Alisema anadhani amekwisha kumjua muuaji, na akaniomba nisimwambie.